Usiokote, Hajra

Mwanangu Hajra alishindwa mtihani wa bastola mara ya kwanza kwa sababu yangu, ingawa siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya kamba, hatua ishirini kutoka alipokuwa, nikimenya vitunguu vya mchuzi wa watu kumi.

Nieleze tangu mwanzo. Sisi ni watu wa Naipingo, Nachingwea, wakulima wa korosho na ufuta kama majirani zetu wote. Hajra ana miaka ishirini na saba. Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani miaka mitano akilima na sisi, halafu akaajiriwa na kampuni moja ya ulinzi, akapelekwa Ruangwa kulinda geti la ghala. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Alipewa rungu, filimbi na koti la mvua lililomzidi ukubwa. Miaka mitatu alikaa kwenye geti lile, na miaka mitatu mimi sikulala usingizi wa kushiba. Baba yake, Harithi, alikuwa akiniambia, "Mama Hajra, kukesha kwako hakumlindi mtoto." Najua. Lakini nilikesha.

Mwaka huu kampuni ikatangaza kwamba msimu wa minada ya korosho unakuja na inahitaji walinzi wa kufuatana na maofisa wake mchana, wenye bastola kiunoni. Anayetaka ajiandikishe, afundishwe wiki sita, afanye mtihani. Atakayefaulu anahama kabisa zamu ya usiku. Atakayeshindwa anapewa nafasi ya kurudia mara moja tu. Akishindwa tena anarudi getini na rungu lake, na hataitwa tena.

Hajra akajiandikisha bila kuniuliza. Mafunzo yalikuwa kwenye machimbo ya zamani ya moramu, ule udongo wa kumwaga barabarani, nje kidogo ya mji wa Nachingwea, kwa kibali cha polisi. Walihitaji mpishi. Hajra akawaambia mama yake anapika. Nikaikubali kazi ile kwa ajili ya macho yangu, si kwa ajili ya sufuria. Nilitaka nimwone.

Maana mimi bunduki naiogopa, na nina sababu. Nilipokuwa msichana mdogo, mjomba wangu Faridi alikuwa na gobole la kuwindia kanga. Siku moja alivuta, gobole likakataa kulia. Akasubiri kidogo, akalitikisa, halafu akaligeuza alitazame mdomoni, aone kimekwama nini. Likalia. Mjomba hakufa, aliishi miaka mingi tu na jicho moja na sikio moja, akioa na kuacha kama watu wengine. Lakini mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunawa damu, na tangu hapo nilijua jambo moja: silaha inayolia watu huikimbia, ila iliyogoma watu huisogelea.

Kwa hiyo siku ya kwanza pale machimboni nilikaa nyuma ya kamba na jiko langu, nimejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani ya kuziba masikio. Walikuwa wanafunzi tisa, na mwalimu wao, Afande Eustace, sajenti mstaafu wa jeshi, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Aliwaketisha chini, akaweka bastola mezani, tupu, na magazini yake, kile kisanduku cha risasi, pembeni.

"Hii siku moja itagoma," akasema. "Haitawaomba ruhusa. Itagoma mbele ya mtu mwenye panga. Kupiga shabaha hata mlevi anaweza kubahatisha. Mimi nawafundisha la kufanya ikigoma, haraka, bila kujiua na bila kumuua mwenzako aliyesimama pembeni. Na wa kwanza atakayeitazama mdomoni, nitamfukuza kabla risasi haijamfukuza duniani."

Nikaweka mwiko chini. Mtu huyu nikamwelewa.

Somo lake lilikuwa la maneno matatu: gonga, vuta, tazama. Alikuwa na risasi za mazoezi, za plastiki, rangi ya chungwa, zisizo na baruti. Alizichanganya na risasi za kweli ndani ya magazini, na mwanafunzi hakujua zimekaa wapi. Mtu anapiga: pa, pa, halafu tik. Hapo imegoma. Kidole kinatoka kwenye kifyatulio. Mdomo wa bastola unabaki palepale, kwenye tuta la udongo lililo mbele, hauendi kushoto, hauendi kulia, hauendi chini. Unagonga kitako cha magazini kwa kiganja ili ikae vizuri. Unavuta ile sehemu ya juu nyuma mpaka mwisho na kuiachia, na ile risasi ya chungwa inaruka nje upande wa kulia. Unatazama kama kila kitu kimekaa sawa, kisha unaendelea. Yote hayo ndani ya sekunde tatu. Siku za mwanzo walifanya kwa risasi za chungwa peke yake, asubuhi nzima, gonga, vuta, tazama, mpaka nami nikawa nakoroga ugali kwa mpigo ule.

Hajra alikuwa mwepesi kuliko wote. Nasema si kwa sababu nimemzaa. Vidole vyake vimekua vikibangua korosho, vinajua kushika kitu kidogo bila kukitazama. Aliyekuwa mzito alikuwa Shija, kijana wa wafugaji waliohamia na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa, wenye boma lao nje ya Chiola. Ana mikono mipana kama mapepeo. Bastola ikimgomea, alikuwa akiisemesha.

"Haya twende! Twende wewe! Usinitie aibu mbele za watu!"

"Shija!" Afande akafoka. "Hilo si dume la plau!"

"Afande, dume likigoma walau halina risasi tumboni. Hili lazima nilibembeleze."

"Libembeleze kwa mkono. Mdomo funga."

Wenzake walicheka mpaka Afande akawapa adhabu ya kuruka kichura. Saa ya kula Shija alikuja kwanza na sahani yake. Wao mama humwita mayu, na mimi aliniita hivyo tangu siku ya pili.

"Mayu, leo ugali umepungua."

"Haujapungua, baba. Umeongezeka wewe."

"Binti korosho ndiye anakula wangu," akasema, akimtazama Hajra.

"Nile wako niote pembe?" Hajra akajibu.

Basi siku zikaenda vizuri. Tatizo la Hajra lilikuwa moja, na Afande alilipigia kelele kila siku. "Macho mbele, Hajra!" Alikuwa akigonga vizuri, akivuta vizuri, lakini baada ya kuvuta kichwa chake kilikuwa kikishuka. Kidogo tu. Afande akadhani ni woga. "Macho yako yanaogopa mlio," alimwambia. "Yatazoea." Hajra akaitikia, "Ndiyo, afande." Hayakuzoea.

Siku ya mtihani alikuja mkaguzi wa kampuni na saa ya kuhesabia sekunde. Hajra alisimama mstarini, Shija kulia kwake hatua chache. Pa, pa, pa, tik. Akagonga. Akavuta. Risasi ya chungwa ikaruka, ikadunda chini karibu na kiatu chake cha kulia. Na kichwa cha mwanangu kikashuka nayo, mgongo ukapinda, mkono wa kushoto ukaachia bastola ukanyooka kuelekea chini, na mdomo wa bastola ukaondoka kwenye tuta ukaenda kutazama mchanga uliokuwa mbele ya miguu ya Shija.

"Simama!"

Kila mtu akaganda. Hata mimi na kisu changu cha vitunguu. Hajra mwenyewe akaganda vilevile alivyoinama, mkono umenyooka, kama mtu aliyeitwa ghafla akiwa shambani. Kidole chake kilikuwa nje ya kifyatulio, namshukuru Mungu, kidole hakikukosea. Afande akamfikia taratibu, akaichukua bastola mkononi mwake, akazitoa risasi zote.

"Umeshindwa," akasema, bila kufoka. Ndipo nilipoona ameumia naye.

Shija naye akashindwa. Alitumia sekunde kumi na moja akiibembeleza. Wengine saba walifaulu. Afande akawaambia wawili wale warudi baada ya siku kumi, Ruangwa, kwenye uwanja mwingine wa kampuni njia ya Mbekenyera.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Niliujua mwinamo ule kama ninavyoijua sauti yangu. Korosho haichumwi mtini. Inakomaa, inaanguka yenyewe na bibo lake, lile tunda lake, nawe unaipitia chini ya mkorosho kuiokota. Hajra alianza kunifuata shambani akiwa na miaka minne, na kikapu chake kidogo. Nilimfundisha kama mama yangu alivyonifundisha: kinachoanguka kiokote kabla hakijatulia, kwa maana ukikiacha kinafunikwa na majani, kesho hukioni. Akiipita korosho nilikuwa nikimgusa kichwani na kijiti. Sikumpiga, nilimgusa. Miaka ishirini na zaidi nilimgusa kichwani, mpaka akawa haoni kitu kinaanguka mkono wake usikifuate.

Wala haukuwa woga. Alikuwa anaokota.

Sasa niseme na lililo baya. Nilifurahi. Nikiwa nafunga masufuria jioni ile, na Hajra amekaa juu ya jiwe, moyo wangu ulikuwa umetulia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Niliwaza, basi, mwanangu hatabeba silaha. Jicho la mjomba Faridi lilikuwa mbele yangu. Nikafunga mdomo. Niliujua ugonjwa na dawa yake, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku mbili. Hajra alikuwa amepewa likizo mpaka siku ya kurudia. Bastola za kampuni haziruhusiwi kutoka, zinafungwa sandukuni na ufunguo anao Afande. Kwa hiyo alichukua gunzi la mahindi, akasimama uani kuelekea ukuta wa choo, akafanya mazoezi. Tik, anasema mwenyewe kwa mdomo. Gonga, vuta, tazama. Asubuhi, mchana, jioni. Hakuinama hata mara moja.

"Unaona, baba?" akamwambia Harithi. "Hapa sikosei kabisa. Kule sijui kitu gani kinanipata. Labda kweli ni mwoga."

Baba yake akamwambia si mwoga, akaendelea kunoa jembe. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Gunzi halitoi risasi, nikawaza. Hakuna kinachoanguka. Atafanya vizuri hapa siku kumi, ataenda Ruangwa, itaanguka ile ya kwanza, atainama, na atarudi getini usiku akiamini mpaka uzee wake kwamba ni mwoga. Mchele ukanishinda kupepeta.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda shambani. Ulikuwa mwezi wa tisa, korosho zimeanza kuanguka moja moja. Hajra alikuwa akinisimulia habari za mke wa mkubwa wake wa kazi, anavyopaka rangi kucha za miguu tu na za mikono anaziacha, nami nikimsikiliza. Tup. Korosho ikaanguka nyuma yake. Hakukatisha hadithi. Hakugeuza hata shingo. Mkono wake ulikwenda nyuma, ukaokota, ukatupa kikapuni, na mdomo bado uko kwenye kucha za yule mwanamke.

"Hajra," nikamwambia. "Umeokota nini?"

"Nini?"

"Sasa hivi. Umeokota nini?"

Akatazama mkono wake, akatazama kikapu. "Sijui. Korosho?"

"Hukujua kama umeokota."

"Mama, una nini?"

"Ndivyo unavyofanya machimboni. Ile ya chungwa ikianguka, unaiokota. Si woga. Ni mimi niliyekuzoesha."

Alisimama na mkono wazi. Nikaona linamwingia taratibu, kutoka machoni mpaka mabegani. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Umelijua lini hili?"

"Siku ileile."

"Na leo ni siku ya tatu."

"Ni siku ya tatu."

Namshukuru kwamba hakuniuliza kwa nini nilinyamaza, alijua. Akaweka kikapu chini. "Basi nifundishe kuacha," akasema.

Harithi alichonga bastola ya mti wa mninga, kipande kilichobaki kwenye kutengeneza mpini. Aliichonga vizuri kuliko nilivyotaka. Aliweka na kipande cha chini kinachoingia na kutoka kama magazini, na kibao cha juu cha kuvuta nyuma. Hajra akasimama uani. Mimi nikasimama kulia kwake na bakuli la korosho ghafi. Kila akivuta, natupa korosho moja mguuni pake.

Mara ya kwanza aliokota. Mara ya pili aliokota. Mara ya tatu alijizuia katikati, amepinda kama jembe bovu.

"Usiokote, Hajra!"

"Nimejizuia!"

"Umejizuia ukiwa tayari unatazama miguu ya Shija. Tena."

Tatizo likawa baba yake. Harithi alikaa kwenye kigoda kutazama, na kila korosho iliyoanguka ilimuwasha. Tulipofika ya kumi hakuvumilia, akanyanyuka, akaanza kupita nyuma ya Hajra akiokota na kutia mfukoni.

"Baba Hajra, kaa chini."

"Mnamwaga mali."

"Tutaziokota baadaye."

"Kuku watazitawanya."

"Afande angekuwa hapa angekurusha kichura."

"Kwa magoti haya?" akasema, lakini akakaa, ameshika magoti kwa mikono miwili kama mtu anayewazuia mbuzi wawili. Ikaanguka nyingine karibu na kigoda chake. Nikamwona anaitazama. Nikamwona anaisogeza chini ya mguu wake polepole. Hajra akaangua kicheko mpaka bastola ya mninga ikamtoka mkononi, na tukaanza upya.

Siku ya nne tangu tuanze, mgongo wake uliacha kupinda, lakini macho bado yalishuka. Siku ya tano macho yalishuka kwa baadhi tu. Nikaacha kutupa zote mguuni. Nyingine nilizitupa zimgonge mkono, nyingine zigonge debe zilie, na moja niliidondosha ndani ya kola ya shati lake. Akapiga kelele, lakini mdomo wa ile mninga haukuondoka kwenye ukuta. Hapo nikajua tunafika.

Shija akasikia, akaja na baiskeli kutoka bomani kwao. Alisalimia, akala, kisha akaomba afundishwe naye.

"Wewe dawa yako nyingine," nikamwambia. Nikampa kikombe. "Weka funda la maji mdomoni. Usimeze, usiteme, mpaka umalize."

Akashika bastola ya mninga, mashavu yamevimba. Gonga, vuta, tazama. Sekunde tatu. Kumbe mkono wake haukuwa mzito hata kidogo, ni mazungumzo ndiyo yaliyokuwa marefu. Akatema maji, akapumua.

"Mayu, huyu ng'ombe kumbe hataki maneno."

"Nani anayataka?" Hajra akamwambia.

Siku ya kumi tulikwenda Ruangwa. Nilibeba sufuria zangu ingawa safari hii hakuna aliyeniomba nipike. Sikujua kukaa mahali pale bila kumenya kitu. Uwanja ulikuwa shimo jingine la moramu, tuta limeinuka mbele, kamba imefungwa nyuma. Afande Eustace akaniona.

"Shikamoo mama. Umekuja tena?"

"Marahaba, baba. Nimekuja na mihogo."

Akatabasamu kidogo, akaenda kupanga magazini akiwa ametupa mgongo, mtu asione. Aliwaeleza: risasi za kweli kumi, za chungwa nne, na mwisho atawawekea kikwazo kibaya zaidi, risasi ya kweli na ganda tupu vilivyobanana pale risasi inapoingilia, ambacho kugonga hakukisaidii. Dawa yake ni kutoa magazini kabisa, kuvuta mara tatu vyote vitoke, kurudisha magazini, kuvuta, kuendelea. Mdomo wa bastola ukitoka kwenye tuta hata mara moja, mtihani umekwisha.

Shija akatangulia. Alibana midomo kana kwamba maji bado yamo. Ilipogoma mara ya kwanza nikaona shingo yake inatetemeka kwa maneno yaliyotaka kutoka. Hayakutoka. Akafaulu. Alipoweka bastola mezani akageuka kutaka kusema kitu, na Afande akamwonyesha kidole: bado, kaa kimya, mwenzako anaingia.

Hajra akasimama. Nilishika muhogo na kisu, sikumenya.

Pa, pa, tik. Akagonga, akavuta. Ile ya chungwa ikaruka ikaanguka kulia kwake. Kichwa hakikushuka. Pa, tik. Tena. Haikushuka shingo, hazikushuka nyusi. Ya tatu ikaanguka mbali, ikadunda kwenye jiwe ikalia, kama ile ya debe. Hakuiona. Nikahesabu, imebaki moja na kile kikwazo cha mwisho.

Pa, pa, pa, tik. Akagonga, akavuta, na risasi ya nne haikuruka vizuri. Ilitoka kivivu, ikamgonga mkononi, ikateleza kwenye suruali mpaka juu ya kiatu chake, ikakaa pale, juu ya kamba za kiatu, ya rangi ya chungwa, inang'aa. Hata mimi, mwenye kumkataza, mkono wangu ulitoka mbele. Niliuona mwenyewe umenyooka hewani na kisu. Wa kwake haukutoka. Ulibaki kwenye bastola, mikono yote miwili, na macho yake mbele. Alipiga moja, mguu ukatikisika, risasi ikaporomoka kutoka kwenye kiatu ikaviringika kwenye majani.

Kisha kikwazo kile kibaya. Afande alichukua bastola, akaitayarisha, akamrudishia ikiwa imebanana. Hajra akajaribu kugonga na kuvuta, haikukubali. Akatoa magazini. Vuta, vuta, vuta. Vyote viwili vikaanguka, ganda na risasi ya kweli, hakuvitazama. Magazini ndani, vuta, pa. Tuta likatoa vumbi.

Akatoa magazini, akavuta, akamwonyesha Afande kwamba ndani ni tupu, akaiweka mezani mdomo ukitazama tuta. Mkaguzi akatazama saa yake, akaandika.

"Umefaulu," Afande akasema. Akaichukua bastola mezani. "Hajra, uliyapata wapi macho hayo?"

"Kwa mama," akasema. "Alinirushia korosho."

Afande alidhani ni mzaha. Shija, ambaye sasa aliruhusiwa kusema, akaanza kumweleza yote tangu funda la maji, na hakunyamaza tena mpaka tulipoondoka.

Silaha zilipofungwa sandukuni, Afande akapiga filimbi. "Sasa okoteni. Maganda yote, na za chungwa zote nane, na zile nzima mbili. Hakuna kinachobaki hapa."

Hapo ndipo mngemwona mwanangu. Aliinama, na mikono yake miwili ikaenda kama kuku wanaodonoa, maganda yakalia kwenye kopo, Shija hajapata matatu yeye amejaza. Lakini za chungwa zilikuwa saba. Wakatafuta. Afande akasema hawaondoki mpaka ipatikane, zimeandikwa namba, anazirudisha kwa hesabu. Wakatafuta kwenye mchanga, wakageuza mawe.

Nikasimama kwenye kamba. "Afande, niruhusu."

"Pita, mama. Silaha zimefungwa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kamba ile. Nilikwenda moja kwa moja mpaka alipokuwa amesimama Hajra, nikahesabu hatua mbili kuelekea chini ya mteremko, nikafunua shina la majani. Ilikuwa pale. Niliiona ilikoangukia na sikuiacha kwa macho tangu wakati ule. Nikaiokota. Nyepesi, kama korosho pofu isiyo na kitu ndani. Nikaishika kidogo kabla sijampa Afande, nikamkumbuka mjomba Faridi, na kwa mara ya kwanza nikamkumbuka bila kumsikia akilia.

"Mama, ungekuwa kijana ningekuandikisha," Afande akasema.

"Na mihogo angechemsha nani?"

Sasa Hajra anafanya kazi mchana. Jioni anarudi kwenye chumba chake Ruangwa, ananipigia, nami namwuliza swali lilelile kabla ya salamu: "Imegoma?" Anajibu, "Haijagoma, mama. Haijatoka hata kiunoni." Nasema alhamdulillahi, ndipo namwuliza amekula nini. Usingizi napata, si wote, lakini wa kunitosha.

Jumapili iliyopita alikuja kutusaidia shambani. Msimu umekolea, korosho zinaanguka kama matone. Nilikuwa nyuma yake. Moja ikaanguka mbele ya mguu wake, tup, nono, naye akaipita, anaendelea kuzungumza na baba yake.

Nikatafuta kijiti, nikamgusa kichwani.

"Okota."

"Mama! Si wewe uliyesema nisiokote?"

"Nilisema kule. Hapa ni Naipingo."

Akageuka kuitafuta. Haikuwapo. Harithi alikuwa ameshaitia mfukoni, anatazama juu mtini kama mtu anayehesabu ndege.